Mitamba wa Charolais: fahali tusimchague kwa macho

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana nimesoma barua ya msomaji mwenzangu kuhusu mitamba wa Charolais, wale ng'ombe wakubwa wa nyama wa Kifaransa, wanaobeba mimba ya kwanza nikashindwa kunyamaza. Yeye kasema kwa kifupi kwamba mtamba wa Charolais mpandishe na fahali wa Angus, ng'ombe wa ukoo mwingine mwenye ndama wepesi, basi, kuhangaika na fahali wa Charolais ni kutafuta msiba. Sasa mi sisemi kaongea uongo, kuna siku hata mimi nasema hivohivo, ila kwa mtu anaefuga mbegu safi hilo jibu ni fupi mno, manake huyu hatafuti ndama tu, anatafuta ndama safi wa kuandikwa kwenye kitabu cha ukoo, alafu mama yake abaki mzima na ashike mimba tena. Na tusisahau mitamba ndo kizazi kipya zizini. Ukiwa unabadilisha ng'ombe mmoja katika kila watano kwa mwaka, na mitamba wote unawapa Angus, maana yake kila mwaka moja ya tano ya ndama wako hawaingii kitabuni, na hao ndo wangekuwa watoto wa damu yako mpya kabisa. Hilo msomaji mwenzangu hakuligusa.

Nianze na langu ili mjue kwa nini nina kiherehere na hii mada.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua fahali kwa macho. Aisee alikuwa fahali kwelikweli, mgongo umenyooka kama meza, mapaja yamejaa mpaka yanasuguana, shingo nene, akitembea kila mtu anageuka. Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa na namba zake zote, na uzito wa kuzaliwa umeandikwa pale kilo 54, mi nikaikunja nikatia mfukoni nikaenda kumfungulia mitamba 9. Aliyeniuzia hakunificha kitu, karatasi alinipa, kusoma ndo sikusoma.

Wawili wa mwanzo walizaa kwa shida lakini wakazaa. Wa tatu ndo simsahau. Alianza saa mbili usiku, mkia juu, analala anaamka, anageuka kunusa alipolala kama kuna kitu kadondosha. Mfuko wa maji ukapasuka, zikatokea kwato mbili, nyayo zimeangalia chini, nikafurahi kwa sababu hiyo inaonyesha ndama anakuja mbele vizuri. Ila zile kwato zilikuwa nene sana, na nilipoingiza mkono nikakuta paji la uso limekaa palepale kwenye mlango wa nyonga, kidole hakipiti kati ya kichwa cha ndama na mfupa wa mama. Kwa mwenye uzoefu hiyo peke yake inatosha, huyu havutwi, mpigie daktari aje apasue. Mimi uzoefu sikuwa nao, nilikuwa na mnyororo, kijana wa kunisaidia, na ubishi.

Tukavuta. Kichwa kikatoka, ulimi umevimba una rangi ya zambarau, mabega yakatoka, kifua kikatoka, tukaanza kupeana pongezi, alafu akakwama kiunoni. Daktari alipofika kitu cha kwanza alitukataza kuvuta, akampaka ndama mafuta mengi, akamgeuza kama robo mzunguko huku akimvutia chini kuelekea kwenye visigino vya mama, manake tundu la nyonga ya ng'ombe ni refu kwenda juu kuliko lilivyo pana kwenda pembeni, na kiuno cha ndama chenyewe kimetanuka pembeni, kwa hiyo ukimgeuza anapata njia. Akatoka kweli, ila alishakufa. Tukampima, kilo 58. Mama yake hakusimama tena, mishipa ya fahamu inayopita ndani ya nyonga ilibanwa, kila akijaribu kuinuka miguu ya nyuma inateleza kila mmoja upande wake kama chura, siku ya tano tukamchinja. Kwa hiyo nikapoteza ndama na mama kwa sababu ya usiku mmoja, na ile karatasi ilikuwa bado iko kwenye mfuko wa koti.

Basi tangu hapo nasoma karatasi kabla ya kumwangalia fahali mwenyewe.

Watu wanasema Charolais ni ng'ombe wa kuzaa kwa shida, hiyo ni nusu ya ukweli. Huyu ng'ombe katoka upande wa Charolles kule Ufaransa, kitabu chake cha ukoo kilifunguliwa Nevers mwaka 1864, na zamani alikuwa anavuta jembe na mikokoteni kabla ya kuwa ng'ombe wa nyama tu. Kajengwa mkubwa. Ndama wake wa kawaida anazaliwa na kilo 45 na kitu, dume kwa kawaida anamzidi jike kilo 2 mpaka 4, na mimba yenyewe inaenda siku 285 na zaidi wakati Angus anakaa karibu na 280, na zile siku za mwisho tumboni ndama hakai bure, ananenepa. Ndo maana Wafaransa wengi toka zamani mtamba wao wanamsubiri azae akiwa na miaka 3. Anaetaka azae na miezi 24 anaweza, wapo wanaofanya, ila asifanye na fahali yeyote aliyepo jirani.

Sasa namba. Hapa ndo pana vurugu nyingi na ndo sababu hasa ya kuandika hii barua. Wengi wakisikia fahali wa mitamba wanauliza swali moja tu, alizaliwa na kilo ngapi? Ni swali zuri lakini ni la mwanzo. Uzito aliozaliwa nao fahali mwenyewe unachanganya damu yake na mambo mengine kibao, mama yake alikuwa mtamba au ng'ombe mkubwa, alilishwaje, alizaliwa pacha au peke yake. Unaweza kukuta fahali alizaliwa na kilo 42 kwa sababu mama yake alikuwa mzazi wa kwanza, damu yake ikawa ya ndama wazito, na ukamkuta mwingine alizaliwa na 47 lakini watoto wake wanatoka wepesi. Ndo maana vyama vya ukoo, vile vya wafugaji vinavyotunza kitabu, vinatoa makisio, yani wanachukua uzito wake, wa ndugu zake, wazazi wake, na watoto wake kama ameshapata, wanatoa vile vitu vya mazingira, wanakupa namba moja ya anachorithisha.

Na zile namba ni tatu, sio moja. Kuna uzito wa kuzaliwa. Kuna urahisi wa ndama wake kuzaliwa, hii ndo ya kuangalia kwanza kwa mtamba, manake uzito wa kuzaliwa umeshaingizwa humo ndani pamoja na ripoti za wafugaji za nani alizaa mwenyewe na nani alivutwa, kwa hiyo ukipata hii usihesabu tena uzito mara ya pili kama vile ni sifa nyingine. Alafu kuna ya tatu ambayo watu wanairuka, urahisi wa mabinti wake kuzaa wakishakua. Hii nairudia chini kwa sababu ina mtego.

Kabla ya hapo, tahadhari ya kusoma. Namba za Marekani na Kanada, zile EPD (makisio ya tofauti kwa watoto), zimeshagawanywa nusu, ukiona mafahali wawili wanapishana kilo 3 basi watoto wao watapishana kilo 3 kwa wastani. Za Australia na Uingereza, EBV (makisio ya damu ya mnyama), ni za mnyama mzima na mtoto anachukua nusu, kwa hiyo tofauti ya 3 kwa ndama ni kilo moja na nusu. Wafaransa wao wanaandika kwa mizani ya 100, urahisi wa kuzaliwa wanauita IFNAIS, juu ya 100 ni rahisi kuliko wastani, na ule wa mabinti kuzaa ni AVel. Nimeshaona mtu kaweka katalogi mbili za nchi mbili mezani anapiga hesabu za kutoa kama vile ni kitu kimoja. Na Charolais usimlinganishe na Angus kwa namba, sifuri ya huyu sio sifuri ya yule, fahali wa Charolais anaeitwa mwepesi kwenye ukoo wake bado anaweza kuzalisha ndama mzito kuliko Angus wa kawaida.

Alafu pembeni ya kila namba pana kiwango cha uhakika, kale kadesimali ka kuanzia 0 mpaka 1 au asilimia. Fahali wa mwaka mmoja ambaye hajapata mtoto, namba yake imetokana na wazazi na uzito wake mwenyewe basi, inaweza kupanda au kushuka sana watoto wakianza kuzaliwa. Aliyetumika kwa chupa, yani kwa uhimilishaji, kwenye mazizi mengi ana watoto mamia walioripotiwa, yule namba yake imeshatulia. Kwa ng'ombe wakubwa mi siogopi kubahatisha na dume changa, ng'ombe wa uzazi wa nne atamtoa tu. Kwa mtamba sitaki bahati nasibu. Kama una uwezo wa kupata uhimilishaji, mpe mtamba mbegu ya Charolais aliyethibitishwa kwa uzazi rahisi na uhakika wa juu, alafu fahali wa zizini aje kuokota waliobaki bila mimba, na huyo wa kuokota naye awe wa damu nyepesi, maana wengine wanahangaika na chupa nzuri alafu nyuma wanaachia jibaba la kilo 1,200, na ndama wa huyo ndo wanaokuja kuua.

Kuna na mbegu zilizochaguliwa jinsia, karibu 9 kati ya 10 wanakuwa majike, na jike ni mwepesi, kwa hiyo kwa mtamba inasaidia mara mbili. Ila kushika mimba kunapungua kidogo, lazima umpandishe mtamba ambae joto lake umeliona kwa macho.

Narudi kwenye mtego. Ukishaumia kama nilivyoumia mimi, unakimbilia upande wa pili, unatafuta fahali mwepesi kuliko wote kwenye katalogi. Nilifanya hivo. Ndama wakazaliwa kama mbuzi, nikafurahi, usiku nalala. Shida ikaja pale mabinti wa yule fahali walipokua, vimwili vidogo, nyonga finyu, na wao sasa ndo mitamba wanaotakiwa kuzaa, nikajikuta nimeisukuma ile shida mbele kizazi kimoja. Ndama anaezaliwa mwembamba na mwepesi, kama ni wa kike, saa ingine ndo huyohuyo anakuwa mama mwenye mlango mdogo, hizo sifa mbili zinavutana, wataalamu wa uzalishaji wanalijua hili muda mrefu. Kwa mwenye kuuza ndama wote sokoni haina neno, kwa sisi tunaobakiza majike ni balaa la polepole. Kwa hiyo fahali nnaemtaka ni yule mwenye urahisi wa kuzaliwa uliozidi wastani wa Charolais kwa nafasi nzuri, sio lazima awe wa kwanza kwenye orodha, na urahisi wa mabinti wake kuzaa usiwe chini ya wastani. Akiwa anazaliwa mwepesi alafu akifika kuachishwa kunyonya anakimbia na uzito, huyo mshike mkia usimwachie. Wapo, ila sio wengi, kwa sababu kawaida uzito wa kuzaliwa na ukuaji vinatembea pamoja.

Vipi kuhusu macho? Nimeulizwa sana, eti ukiangalia fahali mwenye kichwa chembamba na mabega yaliyolala si inatosha. Haitoshi. Umbo la fahali mkubwa halikuambii sana ndama atakuaje, kilo za ndama ndo zinabeba mzigo mkubwa kuliko umbo. Macho mi nayatumia kwa mambo mengine, kwato, miguu ya nyuma, anavotembea, na tabia, dume linalokufukuza halistahili kukaa na mitamba hata lingekuwa na namba za dhahabu.

Kuna kitu kimoja cha mwili lakini macho yanakiona nusu, yale mapaja ya kupasuka. Baadhi ya Charolais wana jeni ya mayostatini, ile inayozuia misuli isikue kupita kiasi, iliyoharibika, inaandikwa Q204X kwenye majibu ya maabara, nakala moja inaongeza nyama, nakala mbili ndo unapata ndama wa misuli maradufu ambae kumtoa kwenye mtamba ni vita. Sasa fahali mwenye nakala moja na mtamba mwenye nakala moja, kwa kila ndama kuna nafasi robo ya kupata zote mbili. Wanaouza nyama wanaipenda hii jeni, sigombani nao, ila kwa mitamba mi nataka fahali aliyepimwa hana hata moja. Ukiwa unapeleka nywele au sikio maabara uliza na ile ataksia ya Charolais, ugonjwa wa kuyumba miguu unaoanza ndama akishakua kidogo, nao unarithiwa kutoka pande zote mbili, mbebaji wa nakala moja hana dalili yoyote. Mambo ya pembe au kutokuwa na pembe yaje mwisho kabisa.

Kama unatumia fahali mwenyewe na sio chupa, awe kijana, asiwavunje mitamba migongo, na usimpe kundi kubwa, dume la mwaka na miezi kadhaa mpe 15 mpaka 20. Daktari ampime mbegu mwezi mmoja au miwili kabla, mzunguko wa korodani kwa umri huo usipungue sentimita 30, na kama alishatembea kwenye mazizi mengine apimwe magonjwa ya kujamiiana, trikomona na vibrio. Haya sirefushi, yanajulikana.

Ila nisimtwishe fahali mzigo wote. Mtamba mwenyewe akipandishwa awe amefika asilimia 65 hivi ya uzito atakaokuwa nao ukubwani, yani kama ng'ombe wako wanafika kilo 800 basi asipande chini ya 520, na akifika kuzaa awe kwenye 680. Wengine wanampima nyonga kabla ya kumpandisha, daktari anaingiza kifaa kwa njia ya haja kubwa anapata urefu na upana, wenye nyonga ya ajabu wanatolewa mapema. Mi nafanya, nawatoa mmoja wawili kila mwaka, ni kuchuja tu, haikuambii nani atazaa raha. Na tafadhali acheni ule mtindo wa kumnyima mtamba chakula miezi ya mwisho ili ndama awe mdogo. Ndama anapungua kidogo tu, mama ndo anakwisha, anakosa nguvu ya kusukuma, dang'a linakuwa maji, na kushika mimba nyingine anachelewa. Kumnenepesha nako ni kosa, mafuta yanajaa kwenye njia ya uzazi.

Sasa Angus. Nampa haki yake msomaji mwenzangu. Mtamba aliyedumaa, au mfugaji ambae usiku hakuna mtu zizini, hao mi mwenyewe nawaambia chukua Angus mwepesi, pata ndama chotara wa rangi ya moshi, kitabu kisubiri mwaka ujao. Rangi ya moshi inatoka kwa Charolais, jeni yake moja inatosha kuuvunja ule weusi. Hakuna aibu hapo. Nachokataa ni kuambiwa ndani ya Charolais hakuna fahali wa mitamba. Wapo, ila hawajipigii debe kwenye picha, ukiwaona kwenye katalogi unawapita kwa sababu hawana yale mapaja.

Msimu uliopita nilikuwa na mitamba 11. Mbegu ya chupa ya fahali mmoja, urahisi wa kuzaliwa juu ya wastani, mabinti wake wastani, uhakika wa juu, mayostatini safi. Tarehe za kupandisha zimeandikwa ukutani kwa chaki ili nijue nani anafika siku 285 lini. Wa kwanza alinidanganya, saa kumi jioni alikuwa anakula kama hana habari, nikaosha mnyororo nikautumbukiza kwenye ndoo ya dawa, nikaenda ndani kuvaa koti, narudi namkuta ameshasimama anamlamba ndama, kilo 41, kanyonya mwenyewe kabla hata sijafika na chupa ya dang'a. Kumi wamezaa bila mkono wa mtu. Mmoja tulimsaidia, ndama alikunja mguu wa mbele, tukamrudisha ndani tukaunyoosha akatoka mzima, na mguu kukunja hakuna fahali wa kulaumiwa.

Ni mimi mfugaji na msomaji wenu.